Kilio cha Kwa Ba Kasongo

Juzi nilikuwa kijiji kimoja upande wa Kipushi, nikingoja gari lililoharibika litengenezwe, na mtu mmoja akawasha mashine ya kusaga mahindi nyuma ya ukuta nilioegemea. Kwanza ilikohoa, kisha ikashika. Harufu ikaja baada ya sauti: unga wenye joto, pumba, na chini yake mpira wa mkanda unaoungua kidogo. Niliinuka nikaenda kuchungulia, kama ilivyo kawaida yangu, lakini kabla sijafika dirishani nilishajua ninanusa nini. Nilikuwa ninamnusa baba yangu. Baba za wenzangu walinuka jasho, au mafuta ya gari, wengine pombe. Wangu alinuka kama chakula ambacho bado hakijapikwa.

Nimezunguka sana. Shule niliiacha mapema, nayo haikunililia. Tangu hapo nimeuza vitunguu, nimewapikia wachoma makaa, nimefuata samaki hadi Pweto na kurudi nimeketi juu ya magunia yao, na hakuna mahali nilipokaa hata mbwa wa jirani akaacha kunibwekea. Watu huniuliza ninatafuta nini. Hakuna ninachotafuta, ninapenda tu kuona mambo yanavyokwenda. Lakini katika yote niliyoyaona, jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa halikutokea njiani. Lilitokea nyumbani kwetu Katuba, nikiwa mtoto ambaye meno yake ya mbele yameng'oka: tulifanya kilio kisichokuwa na maiti.

Kilio, kwetu, si machozi peke yake. Ni msiba mzima: moto uani, viti vya kuazima, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume pembeni wakizungumza mpira kwa sauti ya chini. Mtu akisema "kuko kilio kwa fulani," huna haja ya kuuliza zaidi ya jina.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha unga tangu kabla ya kuoa mpaka ndevu zake zilipokuwa nyeupe bila msaada wa unga. Mle ndani palikuwa na kelele ambayo sisi watoto, tulipopelekwa getini kumpokea, tuliisikia tumboni kabla ya masikioni. Mtu akikuita kwa mdomo mle ni kama hajakuita. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa na lugha yao ya mikono. Kushika sikio maana yake kapita, yaani msimamizi, anakuja. Ngumi kifuani: mfuko umejaa. Vidole viwili midomoni: tumepumzika, twende tukale bukari, yaani ugali wetu. Na mikono miwili juu ya kichwa ilikuwa na maana moja tu: mkanda umetoka, simama hapo hapo ulipo, usisogeze hata mguu. Mkanda ukitoka kwenye gurudumu lake huchapa hewani na hauchagui mtu. Aliyeona wa kwanza aliweka mikono kichwani, na wote waliomwona waligeuka miti mpaka mashine inyamaze. Hakuishusha mikono kabla ya hapo, kwa sababu kuishusha maana yake ilikuwa haya, endeleeni kutembea.

Sijui nani aliichagua ishara hiyo. Kila mtu wa Katuba anajua kwamba ukiona mtu njiani ameweka mikono miwili kichwani, huyo amefiwa. Labda aliyeichagua alitaka watu waogope kwanza, wafikiri baadaye.

Lugha ya kiwandani ilitufuata nyumbani kama unga ulivyofuata viatu vya Baba. Mama aliizungumza vizuri kuliko Kiswahili cha mahubiri. Kanisani aliweza kutuambia kutoka benchi la wanawake kwamba kapita anatuangalia, naye kapita alikuwa padri. Wageni wakikaa mno, Baba alipiga ngumi kifuani taratibu, kama mtu mwenye kiungulia, na Mama aliinuka kukusanya vikombe. Nilifikiri familia zote ziko hivyo. Nilipoanza shule na kumshikia sikio mwenzangu kumwonya kwamba mwalimu anaingia, alidhani sikio linaniuma akamwambia mwalimu.

Alipostaafu, Baba aliileta kazi yake yote nyumbani. Aliamka saa ya zamu, akavaa salopeti, ovaroli yake ya buluu, akakuta hakuna pa kwenda. Basi akaanza kutuhudumia sisi. Alichota maji. Alipiga pasi ya makaa nguo zetu za shule mpaka mikunjo ikawa na makali. Alishona pia, na hapo ndipo tulipopata taabu, kwa sababu mshono alioujua ulikuwa wa kufungia midomo ya mifuko ya unga, ule ambao ukivuta uzi mmoja mfuko wote unafunguka. Ni mshono mzuri kwa mfuko. Sketi yangu ya shule aliipandisha pindo kwa mshono huo, na msichana aliyeketi nyuma yangu akauona uzi unaning'inia akaufuata kwa udadisi tu. Nilirudi nyumbani na sketi inayofagia njia. Baba aliitazama kwa muda, akasema, "Inafunguka muzuri," kwa sauti ya fundi anayesifu kazi.

Jirani yetu Mama Odile, ambaye uzio wake na wetu ulikuwa mmoja, hakumwacha. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti, mpenda watu, na hakukosa kilio chochote cha mtaani, hata cha wasiomjua.

"Ba Kasongo," alimwambia siku moja alipomkuta anaanika nguo, "Mama Kasongo alikutilia nini mu bukari? Aniambie, na miye nimutilie wangu."

"Alitia chumvi," alijibu Baba.

"Chumvi gani hiyo."

"Yenye kuwa kwa duka. Umuulize."

Mnasikia walivyoitana. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa nyumba yetu alikuwa yaya Kasongo, kaka yangu. Kwa hiyo kila aliyempitia baba yangu asubuhi, kila aliyemwuzia mama yangu nyanya, alimtaja Kasongo. Na Kasongo mwenyewe hakuwepo.

Ilikuwa hivi. Kiwanda kilikubali mfanyakazi anayestaafu aache mahali pake kwa mwanawe. Baba alilingoja jambo hilo kwa miaka. Siku ya kwanza alimpeleka Kasongo mwenyewe, akamshika mkono mbele ya wenzake wote akamweka penye gurudumu lake. Kasongo hakumaliza hata mwezi. Mchana mmoja alivua salopeti, akaitundika kwenye msumari, akatoka akapanda kamyo la samaki linalorudi Pweto. Kwa Mama alipitia kuaga. Nilikuwepo, nilikuwa ninakula.

"Mama, mule ndani hakuna mutu anasema," alimwambia. "Wote ni mikono tu. Miye nataka kusikia bantu."

Baba aliporudi na kuambiwa, alisema neno moja ambalo baadaye lilikuwa jibu lake kwa kila aliyeuliza: "Anajua njia."

Misimu ya mvua ikapita. Madereva wa makamyo walileta salamu. Kasongo yuko mzima, Kasongo anauza samaki, Kasongo anasema: Baba aniite, nitakuja. Mama alimpelekea Baba maneno hayo kama mtu anayebeba mayai. Baba alimjibu bila hasira.

"Nilimufukuza miye?"

"Hapana."

"Mutu hukumufukuza, utamuita juu ya nini?"

Na upande wa pili Kasongo aliwaambia madereva kwamba mtu aliyetundika salopeti ya baba yake msumarini hawezi kuingia nyumbani kwake kama anayerudi kutoka sokoni. Aitwe kwanza. Kila mmoja alikuwa na haki yake, wakaishikilia, na katikati yao alikuwa Mama. Alianza kutoitika anapoitwa mara ya kwanza. Ungesema "Mama Kasongo," angeendelea kupepeta. Ilibidi uite tena. Wengine walisema anazeeka masikio, kama mume wake.

Lakini siku za makamyo ya Pweto, Baba alivaa kofia yake, akanishika mkono, akasema anakwenda kutafuta bitoyo. Bitoyo ni samaki wa chumvi waliokauka, na Baba hakuwapenda hata kidogo. Tulisimama penye makamyo mpaka abiria wa mwisho ashuke kutoka juu ya mizigo. Kisha alinunua samaki mdogo, tukarudi, Mama akampika, na Baba akala bukari na mchuzi, akamwacha samaki pembeni mwa sahani kama alivyokuwa.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa baada ya upepo mkubwa na mvua. Kamyo la Pweto lilikuwa limefika jana yake, na Kasongo hakuwemo. Mama na mimi tulikuwa tunatoka bombani, yeye na beseni la maji kichwani, mimi na kopo langu. Baba alikuwa ametangulia na dumu kubwa. Aligeuka pale kona ya barabara yetu kututazama, na kati yake na sisi kulikuwa na dimbwi pana lililojaza njia toka uzio hadi uzio. Ndani ya maji yale ulikuwa umelala waya wa umeme, uliolegezwa na upepo na kuanguka Baba alipokwisha kupita. Yeye aliuona, kwa sababu upande wake waya ulikuwa juu ya matope. Upande wetu ulikuwa maji matupu, na tulikuwa tunayaendea.

Kifua cha Baba kilishaliwa na vumbi, hakuwa na sauti ya kufika popote. Akaweka dumu chini akaweka mikono miwili juu ya kichwa.

Tulisimama. Sikuwaza kitu, nilikuwa nimeinua mguu mmoja na nikabaki na mguu mmoja, kama korongo. Mama alisimama na beseni lake halikumwaga tone.

Mama Odile alikuwa anafagia mbele ya lango lake. Aliinua macho, na fikirini alichoona. Aliona mzee ambaye mwanawe yuko mbali, siku moja baada ya kamyo la Pweto, amesimama kona ameweka mikono kichwani, anamtazama mke wake. Na mke amekauka njiani. Alitupa fagio.

"Kasongo," alilia, kwa sauti iliyozoea kazi hiyo. "Yoo, Kasongo, mutoto ya benyewe. Kasongo wa Pweto."

Milango ikafunguka mtaa mzima.

Mama alizijua lugha zote mbili, ya kiwandani na ya mtaani, na hicho ndicho kilichomponza. Angejua moja tu, angejua la kufanya. Nilimwona anamtazama Baba, akingoja achague moja. Baba hakuweza kuchagua. Kushusha mikono maana yake njooni, na mimi mguu wangu ulikuwa juu ya maji. Kwa hiyo alisimama pale, mikono kichwani, akamwangalia mke wake anaambiwa kwamba mtoto wao amekufa, wala hakuishusha. Beseni lilianguka. Mama alikaa chini matopeni, na wanawake wakamzunguka wakamwinua wakampeleka nyumbani, wakaninyakua na mimi kwa mkono mmoja. Kwa bahati walituchukua kwa kurudi nyuma, kwa njia ya uani.

Ilipita muda kabla ya kijana mmoja kuuona waya na watu wa umeme kuitwa wakazima umeme wake. Ndipo Baba aliposhusha mikono. Aliniambia baadaye kwamba ilimuuma kwa siku nyingi, mabegani.

Alipofika nyumbani, lupango letu, yaani ua wetu, lilikuwa limejaa. Moto umewashwa. Viti vimekuja. Mtu ameshaleta mfuko wa unga kwa ajili ya waombolezaji. Baba alipita katikati yao mpaka kwa Mama.

"Kasongo hakufa," alisema. "Ni waya."

"Waya njo imemuua?" aliuliza Mama Odile, machozi yanatiririka.

"Haikuua mutu. Waya iko mu mayi."

"Mayi ya Pweto?"

Ilichukua maelezo marefu. Wanaume walikwenda kuutazama waya, wakarudi, wakawaambia wanawake. Watu walianza kucheka kidogo kidogo, kwa aibu, kama watoto waliosimamishwa kona na mwalimu. Wengine hawakuondoka, kwa sababu moto ulikuwa mzuri na unga ulikuwepo, wakapika wakala. Mama Odile alikasirika kidogo, maana alikuwa amelia kwelikweli.

"Ba Kasongo, siku ingine ukiona waya, sema waya."

"Nitasema na sauti ya nani?" alijibu Baba. "Unipe yako."

Hapo watu walicheka wazi. Mama peke yake hakucheka. Hakuinuka kwenye mkeka. Baba alichuchumaa mbele yake ili auone mdomo wake vizuri, nami nilikuwa karibu, ninalamba ukoko.

"Leo nimeona vile itakuwa," Mama alisema.

"Iko muzima."

"Nimeona vile itakuwa, Ba Kasongo. Bantu batakuja, bataleta viti, na miye nitakaa hapa hapa."

Baada ya watu kupungua Baba alivaa kofia yake, akanishika mkono, tukaenda kwa makamyo. Nilielewa ni kwa nini. Mtoto wa Mama Odile alishakimbia huko asubuhi kupeleka habari kwamba kuko kilio kwa Ba Kasongo, bila jina la aliyekufa, na kamyo la Pweto lilikuwa linaondoka siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunakwenda kusema kwamba hakuna kilio, ni waya.

Tulilikuta bado linafungwa mizigo. Dereva, mtu mpole mwenye kitambaa shingoni, alishuka alipomwona Baba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ba Kasongo, pole. Tulisikia kuko kilio kwenu. Ni nani?"

Baba alimtazama mdomo.

"Muende muzuri," alisema.

"Kasongo tutamuambia. Nitamuleta mwenyewe."

"Muende muzuri."

Dereva alitikisa kichwa kwa huruma, akapanda. Nilimvuta Baba mkono wa shati. Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba wamesema kilio, hakusikia, awaambie. Kamyo lilikuwa limeshaondoka. Baba aliniangalia akapiga ngumi kifuani: mfuko umejaa. Nilidhani anazungumzia kamyo, ambalo kweli lilikuwa limejaa.

Nyumbani Mama aliniuliza tumesikia nini. Nikamweleza yote, nikiona aibu kwa ajili ya Baba na masikio yake.

"Na baba yako alijibu nini?"

"Muende muzuri."

Mama aliinuka, akaukung'uta mkeka wa kilio, akaukunja. Kesho yake alitoa godoro la Kasongo akalianika juani. Mama Odile aliuliza kulikoni.

"Kunguni," alisema Mama.

Kasongo aliingia mchana mmoja, kabla wiki haijaisha. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, begani mfuko wa bitoyo kwa ajili ya kulisha waombolezaji, na kichwa kimenyolewa kama inavyompasa aliyefiwa. Alisimama langoni mdomo wazi, tayari kulia. Mbele yake, Baba alikuwa anapiga pasi sketi yangu. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye maharage. Sisi watoto tulikuwa tumetawanyika uani, wote wazima, wote wachafu.

"Ni nani?" aliuliza Kasongo.

"Nani nini?" alisema Mama. Sauti yake haikutulia.

"Mwenye alikufa."

Baba aliweka pasi juu ya jiwe lake. Alimtazama mwanawe mdomo, kisha akapandisha macho kichwani. Nyuma ya masikio palikuwa na vishungi vya nywele vilivyosahauliwa, na juu palikuwa na mkwaruzo.

"Nani alikunyoa?"

"Benzangu. Kule Pweto."

"Bakunyoa mubaya. Kuja hapa."

Akamketisha kwenye kiti kifupi. Mama alileta wembe na maji ya sabuni bila kuombwa. Baba alikishika kile kichwa kwa mkono wa kushoto kama alivyoshika kitu chochote, kwa uthabiti, akaanza kusafisha nyuma ya masikio. Kasongo alilia. Mabega yalitikisika na hakutoa sauti. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume anayelia huku ananyolewa, na nilisogea karibu kuona machozi yanapita wapi kwenye povu.

"Usitikisike," alisema Baba. "Nitakukata."

Mama Odile alikuwa ameshafika. Alimzunguka Kasongo, akamtazama mbele na nyuma, akamgusa bega kuhakikisha.

"Tulikulilia muzuri sana," alimwambia. "Ungekuwako, ungefurahi."

Jioni tulikula bitoyo, na Baba akaacha samaki wake pembeni mwa sahani. Kasongo alikaa mpaka mvua zilipokwisha, akarudi Pweto kuuza, na tangu hapo alikuja na kwenda bila kuaga sana, kama mtu anayetoka chumba kimoja kuingia kingine. Habari ya salopeti haikutajwa tena. Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, Kasongo alikuwepo na kilikuwa kilio kama vilio vyote.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jambo lile lote lililetwa na masikio mabovu. Baba hakumsikia dereva, dereva akapeleka uongo asiojua ni uongo, Kasongo akaja. Bahati tu. Kisha mwaka mmoja nilipata kazi ya kupika mahali wanapovunja mawe kwa mashine, na kabla msimu haujaisha nilikuwa ninawafahamu wavunjaji wote bila kusikia neno. Nilisoma midomo yao. Walinitania ng'ambo ya ile kelele na niliwajibu. Siku moja nikiwa ninakoroga sufuria nilimwona tena Baba anamtazama dereva mdomo, karibu kabisa, mchana kweupe. Mtu aliyeishi miaka yote ile mle ndani. Alikuwa amelipata kila neno.

Nilipofika Pweto nilimwendea Kasongo. Ana wajukuu sasa. Alikuwa anageuza samaki kwenye vichanja, nikamweleza polepole, kwa sababu nilidhani ninamletea habari nzito: kwamba baba yetu alikuwa amesikia, na alimwacha asafiri njia nzima akiomboleza watu walio hai.

Alimaliza safu nzima ya samaki kabla ya kujibu.

"Dereva alinieleza hapa hapa, mbele hata ya kupanda," alisema. "Alisema, nilimuuliza baba yako nani alikufa, akanijibu muende muzuri. Nikamuuliza: alikuwa na kofia? Akasema ndiyo, alikuwa na kofia."

Nilikumbuka kofia. Mwanamume mwenye kilio nyumbani kwake hatoki na kofia kichwani.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nusu. Ile nusu ingine njo nililia, mpaka Lukafu. Pale kamyo ilisimama kupakia mahindi, nikaomba wembe ya dereva, nikajinyoa mwenyewe nyuma ya gari. Hakukuwa kiyoo."

"Juu ya nini, kama ulijua?"

Aliniangalia jinsi wazee wanavyowaangalia watu ambao hawakuwahi kuwa na nyumba ya kurudi.

"Ningeingia mule lupango na uso gani?" alisema.

Akaendelea na samaki wake. Nilikaa kwenye mfuko nikapanga upya siku ile kichwani. Mzee aliyemwita mwanawe bila kumwita. Mwana aliyeitika bila kuonekana anaitika. Mama anayechagua mawe kwenye maharage ambayo, ninavyokumbuka sasa, alikuwa ameshayachagua asubuhi. Baba alikiona kichwa kile, akajua ni mkono wa nani uliokinyoa, akauliza hata hivyo, akakubali jibu alilopewa. Kila mmoja alikuwa anamfunika mwenzake ili asione baridi. Katika lupango lile lote, waliosadiki mchana ule kwamba Kasongo ameletwa na bahati tu walikuwa wawili tu, mimi na Mama Odile, na hatujawahi kufurahi hivyo tena.